NANI HULIPA BENKI INAPOOKOLEWA?

(Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa kanisa, baada ya ibada, mbele ya waumini na wanaharakati wa mageuzi.)



Tulipoalikwa kuja hapa tulitarajiwa kuzungumza juu ya tume ya uchaguzi, au sajili ya wapiga kura, au mipaka ya maeneo ya bunge. Hizo ni habari tulizozizoea, na mawakili hatuchoki kuzirudia. Tumewaomba radhi waandalizi, tukachagua jambo ambalo wengi huliona kuwa ni la wataalamu wa uchumi peke yao. Jambo lenyewe ni hili: Benki Kuu inapotoa fedha kuinusuru benki inayozama, fedha hizo hutoka kwa nani, na je, huyo anayezitoa aliulizwa?

Tuanzie nyumbani. Tulipokuwa tungali wanafunzi wa shule ya msingi, akina mama wa kanisa letu, arobaini na watatu kwa idadi, walikuwa na akaunti ya kikundi. Waliuza mayai, wakasuka vikapu, wakafanya harambee ndogo ndogo kila baada ya mavuno, hata wakafikisha shilingi 183,000 za kuezekea jengo la zahanati. Fedha hizo wakaziweka katika benki moja ambayo hatutaitaja jina. Benki hiyo ilikuwa na jengo la vioo na karani mwenye tai, nayo ilitoa riba nzuri kuliko benki kongwe za mjini. Asubuhi moja ya mwaka 1993 mweka hazina wao alifika mlangoni akakuta kufuli na karatasi iliyobandikwa. Askari wa zamu akamwambia, "Mama, rudi nyumbani, usikilize redio."

Sheria ya wakati huo ilimlinda mwenye akiba kwa kiwango kisichozidi shilingi 100,000. Akina mama walidhani kila mmoja wao alikuwa na haki ya kiasi hicho. La hasha. Akaunti ilikuwa moja, kwa hiyo mbele ya sheria mwenye akiba alikuwa mmoja, ingawa nyuma yake walisimama watu arobaini na watatu. Walilipwa shilingi 100,000 mwaka uliofuata, baada ya safari nyingi za matatu kwenda Nairobi. Zile 83,000 wakaambiwa wazisubiri mpaka mali ya benki iuzwe. Na walipokwenda dukani na kile kidogo walichopata, walikuta bei ya mabati imepanda karibu maradufu.

Tafadhalini likumbukeni hilo la mabati. Tutalirudia.

Kwanza tueleze kazi ya Benki Kuu, kwa maana si haki kumlaumu mtu kabla ya kujua wajibu wake. Benki Kuu ya Kenya iliundwa kwa sheria ya mwaka 1966. Miongoni mwa kazi zake ni kuwa benki ya mabenki. Kila benki ina akaunti yake huko, kama vile sisi tulivyo na akaunti zetu katika benki za mitaani. Hundi za siku nzima hukusanywa mahali pamoja na kupigiwa hesabu: benki hii inadai kiasi gani, na ile inadaiwa kiasi gani. Tofauti hulipwa kupitia akaunti zao zilizo katika Benki Kuu. Benki ambayo akaunti yake imekauka inapaswa kupata mkopo wa halali wenye dhamana, la sivyo itolewe katika meza hiyo ya kubadilishana hundi.

Mkopo huo si dhambi. Hakuna benki duniani inayoweka kabatini fedha zote za wateja wake. Nyingi huwa zimekopeshwa wakulima, wafanyabiashara na wajenzi wa nyumba. Wateja wote wakija siku moja, hata benki njema itashindwa kuwalipa. Ni kama mwenye duka ambaye ghala lake limejaa mahindi lakini sanduku lake la fedha liko tupu mchana huo. Mwenye duka kama huyo mkopeshe, kwa kuwa mahindi yapo na yatauzwa. Mwingereza Walter Bagehot aliandika juu ya jambo hili mwaka 1873, na kanuni iliyotokana na maandishi yake ingali inafundishwa: wakati wa hofu Benki Kuu ikopeshe bila ubahili, lakini imkopeshe aliye mzima, achukue kwa dhamana ya kweli, na alipe riba kubwa ili asije kuzoea.

Lakini yuko mwenye duka wa pili. Magunia yake yamejaa makapi. Mahindi yenyewe aliwapa shemeji zake na wakubwa wa wilaya, na karatasi za madeni yao amezifungia mtotoni. Ukimkopesha huyu humwokoi. Unawapa nafasi walio karibu na mlango watoke na kilichobaki. Mkasa wa nchi yetu ni kwamba, mara kwa mara, mwenye duka wa pili ndiye aliyekopeshwa, na aliyemkopesha alijua.

Turudi basi kwenye mwaka 1992. Kifungu cha 2A kilikuwa kimefutwa Desemba 1991, vyama vingi vikaruhusiwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi chama tawala kilikabiliwa na uchaguzi ambao kingeweza kushindwa. Wafadhili walikuwa wamesimamisha misaada Novemba 1991. Uchaguzi ulifanyika Desemba 29, 1992. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka jinsi noti za shilingi 500 zilivyomwagwa vijijini, hata wananchi wakaziita "Jirongo", jina la mwenyekiti wa YK'92, kundi lililompigia debe Rais Moi. Swali ambalo watu walijiuliza kwa kunong'ona ni hili: zimetoka wapi?

Sehemu ya jibu iko kwenye ile meza ya hundi. Katika miezi hiyo zilikuwapo benki ambazo akaunti zao katika Benki Kuu zilikuwa zimepita sifuri na kuingia kwenye deni, tena deni la mabilioni, lakini hundi zao ziliendelea kupokewa. Elewa maana yake. Benki ya mtaani ikiandika hundi isiyo na fedha, hundi hurudi. Benki hizo zilipoandika hundi zisizo na fedha, Benki Kuu ilizilipa, na Benki Kuu hailipi kwa kwenda kukopa kwa jirani. Yenyewe ndiyo chemchemi ya shilingi. Ikilipa hundi isiyo na kitu, imeumba shilingi mpya ambayo nyuma yake hakuna gunia la kahawa wala jasho la mtu yeyote.

Wakati huohuo kulikuwa na habari ya Goldenberg. Kampuni ya Goldenberg International ilipewa fidia ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, ilhali kiwango cha sheria kilikuwa asilimia 20, na nchi hii haina machimbo ya almasi hata moja. Sehemu ya mchezo huo ilipitia mikopo ya kugharimia mauzo ya nje ambayo ilisimamiwa na Benki Kuu. Tume ya Jaji Samuel Bosire iliyoundwa mwaka 2003 ilisikiza ushahidi huo kwa miezi mingi, na ripoti yake ikatolewa mwaka 2006. Kwa leo tunaitaja tu kwa sababu mlango uliotumiwa ulikuwa uleule: ofisi ya umma yenye uwezo wa kutoa fedha bila kumwambia mtu.

Sasa lile la mabati. Bei za vitu katika mwaka 1993 zilipanda kwa takriban asilimia 46. Dola ya Marekani, iliyokuwa kama shilingi 36 mwishoni mwa 1992, ilipita shilingi 60 mwaka uliofuata. Gavana mpya, Micah Cheserem, alipoingia Julai 1993 alianza kufyonza fedha zile zilizomwagwa, na njia yake ilikuwa kuuza dhamana za serikali kwa riba iliyopita asilimia 70. Riba hiyo ililipwa na nani? Na Hazina, yaani mlipa kodi. Benki kadhaa zikafungwa, miongoni mwao Trade Bank na Post Bank Credit.

Basi hesabuni pamoja nasi. Akina mama wetu walilipa mara ya kwanza kama wenye akiba, zile 83,000 zilipokwama. Wakalipa mara ya pili sokoni, shilingi waliyosalia nayo ilipopungua nguvu. Wakalipa mara ya tatu kwa kodi ya sukari na mafuta ya taa, ili serikali ipate riba ya kuwalipa walionunua dhamana zake. Hawakukopa hata senti. Kama Bunge lingeombwa hadharani lipitishe kodi ya asilimia 46 ili kuziokoa benki za marafiki, hata Bunge lile lingeona haya. Mfumko wa bei ni kodi isiyopigiwa kura.

Aliyeyafichua mambo ya Goldenberg hakuwa gavana wala waziri. Alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei. Aliona malipo yakipita mezani pake, akajua hayana uhalali, akawafikishia karatasi wabunge wa upinzani, na habari ikatangazwa Bungeni mwaka 1993. Alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Mashtaka yaliondolewa baadaye, lakini kazi yake hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006, katika umaskini. Tunamtaja mbele ya vijana wa mageuzi kwa sababu moja ya kisheria kabisa. Mwaka mmoja kabla, karatasi zile zisingekuwa na pa kupelekwa. Mbunge wa upinzani hakuwapo. Watu wakiuliza vyama vingi viliwaletea nini, wakumbusheni karani huyo na wabunge waliopokea bahasha yake.

Isidhaniwe kwamba maradhi haya yalianza na vyama vingi. Katika miaka ya 1980 leseni za taasisi ndogo za fedha zilitolewa kwa mtaji mdogo na kwa kujuana, na nyingi zilitegemea fedha za mashirika ya umma. Rural Urban Credit Finance ilianguka mwaka 1984. Continental Bank ikafuata 1986. Desemba 1989 taasisi tisa zilizokuwa hoi ziliunganishwa kuwa Consolidated Bank, na amana za mashirika ya umma zilizonasa humo zikageuzwa kuwa hisa. Mwaka 1998 ilikuwa zamu ya National Bank, ambayo serikali na Hazina ya Malipo ya Uzeeni walikuwa wenye hisa wakubwa. Ilikuwa imebeba mzigo wa mikopo isiyolipwa, na mwaka 2007 serikali iliipa hatifungani za shilingi bilioni 20 kufuta madeni iliyokuwa imeyadhamini. Bilioni ishirini. Mwalimu yeyote aliye hapa anaweza kukokotoa ni madarasa mangapi.

Mgala muue na haki yake mpe. Mambo hayakubaki yalivyokuwa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 231, inasema Benki Kuu isielekezwe wala kutawaliwa na mtu yeyote inapotekeleza kazi zake. Shirika la Bima ya Amana liliundwa kwa sheria ya 2012, na tangu Julai 2020 kiwango cha kulindwa ni shilingi 500,000. Katika muda wa miezi tisa, kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank zilifungwa, na hatukuona noti zikimwagwa kuwaokoa wenye benki hizo.

Habari ya Chase ina funzo la pekee. Uvumi ulienea kwenye simu za watu, hesabu zilizorekebishwa zikaonyesha mikopo ya watu wa ndani ni mikubwa kuliko ilivyotangazwa, na wateja wakakimbilia milangoni. Aprili 7, 2016 iliwekwa chini ya mrasimu. Siku chache baadaye Gavana Patrick Njoroge alitangaza waziwazi kwamba benki yoyote itakayobanwa na ukwasi bila kosa lake itapewa mkopo. Hofu ikatulia. Kabla ya mwezi kwisha Chase ilikuwa imefungua milango tena chini ya usimamizi wa KCB. Mwaka 2018 sehemu ya mali na amana zake ilichukuliwa na SBM. Tumesikia mara nyingi kwamba mambo ya kuokoa benki lazima yafanywe gizani, maana ukiwasha taa watu watakimbia. Mwaka 2016 taa iliwashwa na watu wakatulia.

Hatukatai kwamba kuna siri ya saa chache. Daktari hatangazi ugonjwa wa mtu sokoni kabla hajampima. Gavana akipigiwa simu usiku kwamba benki fulani haitafunguka kesho, hatutamdai aende redioni usiku huohuo. Lakini siri ya usiku mmoja ni kitu kimoja, na siri ya miaka thelathini ni kingine. Wenye amana wa Imperial Bank walisubiri miaka mingi, mpaka Desemba 2021 ilipoamuliwa kwamba benki hiyo ifilisiwe. Tena ilikuwa imetoka kuuza hatifungani za shilingi bilioni 2 muda mfupi kabla ya kufungwa. Mtu wa kawaida anauliza: wakaguzi waliona nini, lini, na walimwandikia nani?

Hayo ndiyo tunayotaka kanisa liyaulize pamoja nasi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mwananchi haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeweka utaratibu wake. Kifungu cha 201 kinataka uwazi katika fedha za umma. Kifungu cha 213 kinailazimisha serikali ya taifa kuchapisha, ndani ya miezi miwili baada ya mwaka wa fedha kwisha, ripoti ya mikopo iliyodhamini. Kwa hiyo kila mara Benki Kuu au Hazina inapoisaidia benki, tunasema kiasi kilichotolewa kijulikane, na riba yake, na dhamana iliyowekwa, na siku ya kulipwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu avione na Bunge livisome. Majina ya wakurugenzi na wanasiasa waliokopa na kukataa kulipa yasifichwe nyuma ya pazia la siri ya mteja. Siri hiyo iliwekwa kumlinda mteja na jirani mdadisi. Haikuwekwa kumlinda mdaiwa na anayemlipia deni.

Na iwepo sheria kwamba mwenye benki aanze kupoteza yeye kabla mwenye akiba hajapoteza. Hisa zake zifutwe kwanza. Aondoke kwenye kiti. Bila sharti hilo, faida ni yake mvua ikinyesha, na hasara ni yetu wakati wa kiangazi. (Tuseme pia, ingawa inatuhusu sisi wenyewe, kwamba gharama za ufilisi hutolewa kwanza kabla ya wenye madai kugusa chochote, na mawakili ni sehemu ya gharama hizo. Kesi ikiwa ndefu, tunakula sisi. Mtu akitutuhumu kwa hilo hatuna utetezi mkubwa.)

Kuna na jambo la akaunti za vikundi. Chama cha akina mama, hazina ya jumuiya ndogo, mfuko wa mazishi, fedha za ujenzi wa kanisa: sheria ikizihesabu kuwa ni za mtu mmoja, basi shilingi 500,000 za leo zinawafaa watu mia kwa shilingi 5,000 kila mmoja. Wabunge wetu hawajalishika jambo hili kwa uzito, labda kwa sababu hawaweki akiba katika vikundi. Linafaa kuandikiwa ombi Bungeni, na Kifungu cha 119 cha Katiba kinatupa haki hiyo. Wakati huo haujafika, wekeni hazina ya kanisa katika benki zaidi ya moja, na muulize hesabu zilizokaguliwa za benki kabla ya kuvutwa na riba yake. Hesabu hizo kila benki inapaswa kuzichapisha, na ukurasa wa mikopo isiyolipwa ndio wa kwanza kusomwa.

Katika Injili upo mfano wa wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu ya kazi aliyokabidhiwa. Wakili huyo si mwanasheria, tunashukuru. Ni msimamizi wa mali isiyo yake. Kinachotushangaza tunapousoma ni kwamba tajiri yule alipata habari, akamwita, akauliza. Katika nchi yetu wenye mali ni sisi, na bado hatujamwita.

Tumekuja na kitabu cha akaunti cha akina mama wale. Mweka hazina wao ameketi safu ya pili, mwenye leso ya kijani. Amekitunza kitabu hicho ndani ya Biblia tangu mwaka 1993. Kati ya wale arobaini na watatu, kumi na tisa wako hai. Tumewaandikia barua kwa Shirika la Bima ya Amana kuuliza mali ya benki ile iliuzwa kwa kiasi gani, nani walilipwa, na zile shilingi 83,000 ziko wapi. Wengine wenye vitabu vya benki zilizofungwa, wao au wazazi wao, wabaki kidogo baada ya sala ya kufunga. Katibu ana fomu mezani karibu na mlango. Njooni na nakala ya kitambulisho, na kwa aliyefariki, nakala ya cheti cha kifo. Hakuna malipo.